Malalamiko Dhidi ya Mbuzi wa Soksi

Kasmiri Mayala,
Nkololo,
Bariadi, Simiyu.

Kwa Mratibu,
Huduma ya Watoto Mashuleni,
Shirika la Kikristo la Mkono wa Jirani,
Bariadi Mjini.

YAH: KUONDOLEWA KWA MWANANGU KATIKA KLABU YENU NA KUZUIWA KWA MBUZI WENU KUFIKA KIJIJINI KWETU

Ndugu Mratibu,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kama ninyi ni wa upande wa kaka yangu, basi Bwana asifiwe. Hapa nyumbani hatujambo. Mvua imeanza vizuri na panya wamepungua.

Naandika kuomba mambo mawili. Kwanza, binti yangu Ng'washi, wa darasa la tano, aondolewe katika klabu ya watoto mnayoiendesha kila Jumatano kwenye shule ya msingi ya kijijini kwetu. Pili, yule mbuzi wenu wa soksi asije tena Nkololo. Najua kwamba Ng'washi amechaguliwa kuwa mmoja wa ng'ombe wawili katika igizo lenu la Krismasi, na kwamba tangu achaguliwe analala na gunia atakalolivaa siku hiyo. Hilo halibadilishi ombi langu.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeripoti kutoka huku tangu mkoa huu ulipokuwa bado sehemu ya Shinyanga. Nimeandika kuhusu bei ya pamba, kuhusu tembo wanaoingia mashambani, na kuhusu kisima kimoja kilichozinduliwa na viongozi wawili kwa nyakati tofauti kikiwa hakina maji mara zote mbili. Kazi hiyo imenifundisha kutopandisha sauti, na katika barua hii sitaipandisha.

Ili habari isielemee upande mmoja, naanza na mazuri yenu. Watoto siku hizi wanakata kucha. Wanaimba kwa sauti inayosikika mpaka kwenye josho la ng'ombe. Utoro wa Jumatano umekwisha kabisa, na mwalimu mkuu ameniambia kwamba anafikiria kuwaomba mje na Ijumaa. Mtumishi wenu Joakim, anayekuja na pikipiki, hachelewi, hachukui kitu cha mtu, na hajawahi kuniuliza mimi ni wa dhehebu gani. Hayo yote nimeyathibitisha.

Sasa niwaeleze hali ilivyokuwa kabla hamjafika.

Kaka yangu Masele na mimi tunaishi tukitazamana. Kati ya lango lake na langu kuna njia ya ng'ombe, na kila upande una uzio wa minyaa. Marehemu baba yetu, Mzee Mayala, alituachia mambo mengi, miongoni mwake maksai wawili wa kulimia, Sajini na Polisi, waliofungwa nira moja tangu wakiwa wadogo. Sajini huvuta kulia, Polisi huvuta kushoto. Wakati wa kugawana, wazee wa ukoo walishauri mmoja wetu achukue maksai wote wawili na mwingine afidiwe kwa mitamba. Ushauri ulikuwa mzuri. Kila mmoja wetu aliukubali, kwa sharti kwamba mwenye kuchukua maksai awe yeye. Tulibishana mpaka wazee wakachoka, wakagawa nusu kwa nusu. Masele akapata Sajini na plau. Mimi nikapata Polisi na nira.

Mkulima yeyote atawaambia maana yake. Polisi nikimfunga na dume mwingine, hupiga hatua chache kisha hulala chini katikati ya shamba. Sajini naye, kwa taarifa nilizonazo, hugeuka nyuma kumtafuta mwenzake. Kwa hiyo kwa miaka minne kila mmoja wetu amekuwa akingoja maksai wa kukodi, ambao hupatikana wenye nao wakishamaliza kulima mashamba yao, yaani wakati pamba ya wenzetu imekwishaota. Mwaka huu mvua imewahi. Hadi leo shamba langu lina maotea ya pamba ya mwaka jana, na lake pia. Katika miaka yote hiyo hatujasemezana wala kusalimiana. Wake zetu wamekuwa wakisalimiana kisimani, jambo ambalo Masele na mimi tuliamua, kila mtu kwa wakati wake, kutolijua.

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Ulikuwa mgumu, lakini ulieleweka na kila mtu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Sala. Nyumbani kwangu tunasali Baba Yetu kila jioni kabla ya kula. Wiki chache baada ya Ng'washi kujiunga nanyi, tulipofika pale pa kusamehe waliotukosea, alinyamaza. Mke wangu Mektilda naye akanyamaza. Nikabaki naendelea peke yangu, nikakatiza. Ng'washi akaniuliza kwa adabu, macho bado kayafumba, "Baba, hapa tunaparuka, au?"

Niseme wazi kwamba hakuuliza kwa kejeli. Mtoto alitaka maelekezo. Nilimwambia turuke kwa muda, mpaka nitakapolitafakari. Tangu siku hiyo tunaruka. Sala imekuwa fupi, na chakula hakipoi, lakini ni juu yenu kumweleza Mungu kilichopungua.

2. Mahojiano yasiyozingatia maadili ya kazi. Hapa ndipo anapoingia mbuzi. Kwa mujibu wa wanafunzi wawili na mwalimu mmoja aliyeomba asitajwe kwa sababu na yeye alicheka, Joakim huvaa mkononi soksi ya kijivu iliyoshonewa masikio na ndevu, anayoiita Bwana Mee. Jumatano moja Bwana Mee aliwauliza watoto, "Nani kwao kuna mtu hasalimiwi?"

Ng'washi alinyoosha mkono. Alipoulizwa ni nani, akajibu, "Baba yake Winnie."

Winnie ni binti wa Masele. Anakaa dawati moja na Ng'washi, na ndiye ng'ombe wa pili katika igizo lenu. Naye akanyoosha mkono. "Na kwetu ni baba yake Ng'washi."

Inaelezwa kwamba mbuzi alijikuna sikio, kisha akauliza, "Sasa mbona mnakaa dawati moja?"

"Shuleni tunaongea," Winnie akasema. "Ugomvi tunao nyumbani."

Shule nzima ilicheka. Siku iliyofuata mtoto wa darasa la pili alikuja mpaka uani kwangu, akanitazama vizuri, akauliza kama mimi ndiye yule asiyesalimiwa. Nikamwambia hapana, yule ni wa ng'ambo. Akavuka. Nasikia kule aliambiwa vilevile.

Ndugu Mratibu, nimehoji watu kwa miaka mingi. Najitambulisha, nataja chombo changu, naomba ruhusa, na mara nyingi naambiwa nije kesho. Mbuzi huyu hakujitambulisha kwa yeyote. Hakuja kwangu kupata upande wangu. Akapata habari yote kwa maswali mawili.

3. Masahihisho hadharani. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mashine ya kusaga pamoja na wazee kadhaa, tukizungumzia kilimo. Waliponiuliza kwa nini sijalima, nilieleza kwamba Polisi amezeeka. Maelezo hayo nimeyatoa kwa miaka minne na hayajawahi kupingwa. Ng'washi alikuwa nyuma yangu na ndoo ya unga.

"Baba, Polisi hajazeeka," akasema. "Jioni anakwenda kwenye uzio, Sajini naye anakuja upande wake, wanalambana pua kwenye tundu."

Wazee wakatazama chini. Mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, akasema, "Kumbe kwa Mayala wenye akili ni wale wa miguu minne." Mashine ilikuwa inanguruma, lakini wote walimsikia.

Nilipomhoji Ng'washi njiani, alisema Bwana Mee amewafundisha kwamba kweli humweka mtu huru. Mimi nilikuwa huru kabla ya hapo. Aidha, katika taaluma yangu masahihisho huchapishwa kwa herufi ndogo, ukurasa wa ndani, siku mhusika akiwa safarini.

4. Moto. Hili nalieleza kwa ajili ya Joakim, ambaye ni kijana wa Moshi na huenda halijui. Kwetu, nyumba mnayoazimana moto si nyumba ya adui. Unaweza kumnyima mtu salamu, chumvi, hata njia, lakini ukishachukua kaa la moto jikoni kwake na kupikia chakula chako, kesi imekwisha, na mzee yeyote atakushangaa ukiifufua. Ndiyo maana mimi na Masele tulikuwa waangalifu sana upande wa viberiti.

Siku moja ya mvua viberiti vyetu vilikuwa vimelowa. Ng'washi akachukua kigae, akavuka njia, akarudi na makaa kutoka jikoni kwa Masele. Sikuambiwa. Nilikula ugali kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo Mektilda huyapika kwa karanga, nikaongezewa, nikamsifu mpishi. Nilipomaliza ndipo Ng'washi alipotoa taarifa, akaongeza kwamba klabuni wamefundishwa kutokuficha kitu.

Nilimwuliza Mektilda kwa nini ameruhusu. Akajibu, "Moto ni moto, baba Ng'washi. Au ulitaka wa padri?"

Nilitafakari usiku kucha kama mtu aliyekula bila kujua anafungwa na mila. Niliamua kwamba hafungwi. Naona bado uamuzi huo una nguvu, ingawa kuhusu ule ugali nilioongezewa sina hakika.

5. Magoti. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumatano iliyopita Bwana Mee aliwapa watoto kazi ya nyumbani. Kila mmoja amsalimie mtu asiyesalimiwa na watu wa kwao, na amsalimie, nanukuu, "kwa heshima ya nyumbani kwenu." Yawezekana Joakim aliona ni jambo dogo. Kwao huko mlimani nimeona watu wakisalimiana huku wanatembea, kila mtu anashika yake. Hapa kwetu heshima ya mtoto wa kike kwa mkubwa ni kupiga goti. Na aliyepiga goti hainuki mpaka ajibiwe. Joakim hakuuliza. Mbuzi naye hakuuliza.

Jumapili jioni, baada ya kila familia kurudi kutoka kanisani kwake, Ng'washi alivuka njia akapiga goti mbele ya lango la Masele. Wakati huohuo Winnie alivuka akapiga goti mbele ya langu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nasikiliza redio. Masele alikuwa amekaa mlangoni kwake, nadhani kwa sababu hiyohiyo, maana tunasikiliza kituo kimoja.

"Mwadila, baba mdogo," akasema Winnie.

Hiyo ndiyo salamu yetu ya jioni, na jibu lake ni neno lilelile. Mtoto mwenye umri wa kuanza kuongea analiweza. Nilizima redio. Ng'ambo nayo ikazimwa. Nilimsikia Ng'washi akisema, "Mwadila, baba mkubwa," kisha sikusikia kitu.

Naomba mnielewe hali ilivyokuwa. Ningejibu, ningekuwa nimesema mbele ya kijiji kwamba kwa miaka minne nilikuwa nimekosea. Nisingejibu, mtoto wa kaka yangu angebaki hapo. Masele alikuwa na hesabu hiyohiyo, na aliyekuwa mbele yake amepiga goti ni mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu wazee watugawie, tulitazamana uso kwa uso, kila mmoja juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzake. Amepata mvi. Nalitaja hili kwa kuwa ni kweli, halina uhusiano na malalamiko.

Ng'ombe wa Paschal, mwenyekiti wa kitongoji chetu, walikuwa wanarudi kutoka malishoni. Wakakuta watoto wawili wamepiga magoti njiani, mmoja huku na mmoja kule, wakasimama. Nyuma yao wakasimama mbuzi, nyuma ya mbuzi akasimama mtu wa baiskeli mwenye gunia la mkaa, na nyuma yake akina mama waliokuwa wanatoka kwaya.

"Kasmiri! Masele!" Paschal akaita. "Jibuni salamu za watoto, ng'ombe wangu wanataka kulala!"

Hatukujibu.

"Labda wamesahau Kisukuma," akasema mtu wa baiskeli. "Wasalimieni Kiswahili!"

"Hata Kizungu hawa hawajibu," mama mmoja wa kwaya akasema. "Wanangoja barua ya mkuu wa wilaya."

Mvua ikaanza. Ilitokea upande wa Serengeti kama kawaida, kwanza upepo, halafu matone makubwa, halafu yote kwa pamoja. Watu walikimbilia kwenye vibaraza, kile cha kwangu na kile cha Masele, kila mmoja kwa jinsi alivyokuwa karibu, na hivyo hadhira ikagawanyika nusu kwa nusu kama maksai. Watoto hawakusogea. Udongo wetu mweusi ukilowa hushika, na niliona magoti ya Winnie yanazama.

Mektilda alitoka jikoni na kusimama nyuma yangu. "Mtoto wa watu analowa," akasema. "Kama neno limekupotea nikukumbushe. Linaanza na mwa."

Sasa nieleze kilichotokea kwa usahihi, kwa sababu kuna taarifa za uongo zinazosambaa. Winnie ana kifua. Anacho tangu utotoni, na kila masika humshika. Hili nalijua kwa kuwa usiku kikohozi chake huvuka njia, huvuka nyua zote mbili, hupita dirishani kwangu, na mimi sina usingizi mwingi. Katika miaka minne hii nimejua kila alipougua na kila alipopata nafuu, bila kuuliza mtu. Jumapili ile, akiwa amepiga goti kwenye mvua, alikohoa. Alikohoa mara moja tu, akafunga mdomo kwa kiganja, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Salamu ikajibiwa.

Masele ndiye aliyejibu kwanza. Nasema hivyo kama shuhuda. Mimi nilijibu baada yake, nikiwa nimekwisha kusikia sauti yake, na kwa sababu tu yeye alikuwa amekwisha kusalimu amri. Mektilda alipoulizwa nani alitangulia, alikataa kuzungumzia suala hilo. Paschal alisema ng'ombe wake walikuwa wanapiga kelele. Mtu wa baiskeli alidai kwamba tulijibu pamoja, kama kwaya, lakini huyo hana sifa ya kuwa chanzo.

Na haikuishia hapo. Salamu yetu ikishaanza ina mpangilio wake. Huwezi kuikata katikati kama simu. Mtoto akauliza, "Mhola?" yaani kama kuna amani. Nikajibu, "Mhola duhu," amani tu, kwa kuwa hakuna jibu jingine. Akauliza habari za nyumbani. Nikajibu. Akauliza habari za ng'ombe, kama inavyopasa.

"Polisi hajambo?"

"Hajambo."

"Sajini anamsalimu."

Hapo ndipo nilipomwambia ainuke aingie ndani, na Mektilda alikuwa amekwisha kumfunika khanga. Ng'washi alirudi baadaye kutoka ng'ambo, magoti meusi, akiwa amevaa sweta la Masele linalomfika miguuni. Alikwenda moja kwa moja kuangalia kama gunia lake limelowa.

6. Athari kwa jamii. Kujibu salamu si kupatana. Hilo nimelisema kijijini na nalirudia kwenu kwa maandishi. Lakini madhara yamekwishaanza kuenea. Jumatatu asubuhi msichana wa darasa la nne alipiga goti mbele ya mwenye mashine, ambaye mama wa msichana huyo alikuwa amemsusia tangu mwaka juzi kwa sababu ya pumba. Jioni yake watoto wa wake wenza wawili walipiga magoti kwa kubadilishana majiko. Wavulana, ambao hawapigi goti, wameanza kusimama mbele ya watu wameinamisha vichwa, na hawaondoki. Kutoka kwangu hadi dukani zamani nilitumia muda mfupi, kwa kuwa nusu ya nyumba nilikuwa nazipita kimya. Sasa nasimama kila lango.

Mkiendelea hivi, baraza la kijiji litakaa lisikilize nini? Sungusungu watamlinda nani dhidi ya nani? Nami nitaandika habari gani? Mhariri wangu hajawahi kuchapisha kichwa kinachosema watu wa Nkololo wamesalimiana.

Pia nizungumzie hasara binafsi. Kwa miaka minne nimeamka kabla ya alfajiri ili moshi wa jiko langu utangulie wa Masele. Nimeupunguza uzio wangu ukanyooka kuliko wake. Nimemhimiza Ng'washi ashike namba ya juu kuliko Winnie, na kule Winnie amehimizwa vivyo hivyo, mpaka wote wawili wakawa wa kwanza kwa zamu. Yote hayo yalikuwa matunda ya ugomvi uliotunzwa vizuri. Jumanne nililala mpaka jua limepanda. Nawauliza, shirika lenu lina mpango gani wa kuwafidia watu mliowaondolea adui?

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Jina la Ng'washi liondolewe kwenye klabu, na ng'ombe wa igizo atafutwe mwingine.

(b) Mafundisho ya kuwapenda adui yaendelee, lakini yahusu adui walio nje ya mkoa.

(c) Watoto wapewe kazi za nyumbani ambazo hazihusu nyumbani.

(d) Bwana Mee aitwe mbele ya Paschal ajieleze. Joakim anaweza kuhudhuria, ila asimsaidie kujibu.

Nitashukuru nikipata majibu kwa maandishi. Majibu ya mdomo nimeona yanakoelekea.

Nisalimieni wafanyakazi wote wa ofisini, mlinzi wa getini, anayewapikia chai, na waumini wenzenu wa madhehebu yote mnayoyafanyia kazi. Msalimieni Joakim, pamoja na wazazi wake huko Moshi, ambao walimlea vizuri katika kila jambo isipokuwa magoti. Mbuzi simsalimii.

Nabaki kuwa wenu, nikiwa na msimamo uleule,

Kasmiri Mayala
Mwandishi wa habari na mkulima

Tanbihi: Barua hii imechelewa kuondoka kwa sababu tangu Jumatano nilikuwa shambani. Asubuhi hiyo Masele alifika langoni akimwongoza Sajini na kuburuta plau, akasema, "Mwangaluka," ambayo ni salamu ya asubuhi. Hapakuwa na mtoto wa kumjibia, kwa hiyo nilijibu mwenyewe. Nikaenda kuchukua nira darini. Hatukulazimika kuwapanga, kila maksai alikwenda kusimama upande wake. Tumemaliza shamba lake, tumemaliza la kwangu, na pamba imepandwa. Barua inaletwa na Masele kwa mkokoteni, kwa kuwa anakuja Bariadi kununua jembe jipya la plau. Lile la zamani limeliwa na kutu. Ameisoma yote na anadai hoja ya tano ina kosa. Msimsikilize.

Kuhusu ombi (a), naomba lisishughulikiwe. Masele amewachongea wale ng'ombe wawili wa igizo nira ndogo ya saizi yao, na mimi nimeitoboa matundu. Winnie atavuta kulia, Ng'washi kushoto. Mektilda ametuma soksi ya kijivu, imefuliwa, kwa sababu watoto wanasema sikio la Bwana Mee limeanza kuachia. Mfikishieni pia mwadila yangu.

Na aliyejibu kwanza ni Masele.